Nyumba ya Bakuli

Matajiri wa Gedi, mji wa kale wa pwani ya Kenya, walivithamini mno vyombo vya Kichina, navyo vimewalipa ajabu. Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba magofu yao mwaka 1948, majina ya wenye nyumba hayakujulikana. Nyumba zikaitwa kwa vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Mkasi.

Mkasi, jamani!

Wenzao wa Mambrui walikuwa wajanja zaidi. Mabakuli yao waliyapachika kwenye nguzo ya kaburi, juu kabisa, asiyafikie mtoto wala wifi.

Mfalme wa Malindi naye, mwaka 1415, alimpelekea Mfalme Yongle wa Uchina twiga mzima. Huo ndio ukubwa. Siku hizi, pwani hiyohiyo, huko Kilifi, kabati la vyombo vya wageni lina kufuli. Wageni wenyewe hupakuliwa kwenye plastiki.