Hongera kwa Tanuri

Hongera, jirani, kwa tanuri la umeme la kutia visu matiko. Mhunzi anayefua visu kwa springi za lori hana skrini ya joto kama yako. Hugusisha sumaku kwenye chuma chekundu, isiponasa anajua kimepita nyuzi 770 hivi, anakiongezea moto kidogo, kisha anakizamisha kwenye oili. Sumaku haina waranti, maskini. Wewe ulikuwa ukisubiri 815 kamili, umeme ukakatika kwenye 790.

Kabla ya kununua ulipima panga la shemeji unalotaka kulitia matiko? La, ulipima meza ya kuwekea tanuri. Basi panga litaingia nusu, mlango wazi, na skrini itatutangazia joto linavyotoroka, nyuzi kwa nyuzi. Likishazamishwa, bado lipashwe moto kwa saa mbili kwenye nyuzi 200, kazi ambayo oveni ya mama watoto ingeiweza, baada ya keki.