Namna ya Kutofika Kilele cha Hanang na Kurudi Ihanja Kifua Mbele

Alizeti umeuza, madeni umepunguza, na wewe sasa unataka kwenda kutalii kama wengine. Vizuri sana. Najua magoti yako hujawahi kuyapima kwenye kitu kirefu kuliko majabali yetu ya Singida. Najua pia kwamba picha unaitaka. Basi nisikilize.

1. Chagua mlima unaoshindika kwa bei nafuu. Kilimanjaro uiache kwanza. Ina mita 5,895, inakula siku tano na zaidi, na ukikwama njiani umekwama na fedha za mwaka mzima. Hanang una mita kama 3,420, na kuushindwa ni kazi ya siku moja. Kutoka Ihanja nenda Singida mjini, panda gari la Babati, kilomita kama 65 za lami, shuka Katesh. Inua macho: ndio huo. Katesh yenyewe imeinuka karibu nusu ya kimo cha mlima, kwa hiyo basi limeshakupandisha sehemu kubwa ukiwa umekaa, unakula karanga. Hesabu urefu wote kuanzia usawa wa bahari, usione haya. Wapanda milima wote duniani wanahesabu hivyohivyo.

2. Nenda kipupwe. Julai au Agosti, mavuno yakiwa ndani na njia zikiwa kavu. Wakati wa mvua usiuguse mlima huu, na hapa sina mzaha hata chembe. Tarehe 3 Desemba 2023, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Hanang iliporomoka na tope likashuka na mawe na magogo mpaka Katesh, Gendabi na Jorodom. Zaidi ya watu 80 walikufa. Utakutana na watu waliozika ndugu zao. Wasalimie kwanza, habari za kupanda zitafuata. Na mwongozaji akikuambia leo mawingu si mazuri, rudi ukalale.

3. Mtumie mwongozaji vizuri. Hapa ndipo penye siri zote, kwa hiyo tutulie kidogo. Kibali chukua ofisi ya Wakala wa Huduma za Misitu, na mwongozaji atoke hapohapo Katesh. Usimtafute kijana mwenye mapaja ya mkimbiaji; huyo atakuua. Tafuta mtu mzima anayetembea kama anakwenda kumwangalia ng'ombe aliyezaa. Bei mmalizane chini, mbele ya mashahidi, wala usimkamue: atakuwa macho yako na miguu yako.

Begi mpe yeye, au umlipe mpagazi. Maji yawe mengi, maana huko juu hupati pa kuchota. Kisha tembea nyuma yake, kamwe usitangulie. Anayetangulia huona aibu kusimama. Anayefuata husimama akitaka, na watu hudhani anatazama mandhari.

Sasa silaha kubwa: maswali. Pumzi ikikatika, usiseme umechoka. Uliza, "Mzee, mti huu unaitwaje?" Atasimama na kukueleza jina na dawa inayotokana nao, na wewe umepata dakika mbili. Pumzi ikitulia, songa. Ikikatika tena, uliza Wabarbaig hupitishia wapi mifugo kiangazi. Hilo ni swali la dakika tano. Swali la ziwa Balangida, lile la magadi lililo upande wa kaskazini, lihifadhi kwa mahali penye mwinuko mkali kabisa. Ukifanya hivi tangu alfajiri utakuwa umepumzika mara nyingi kuliko wote, na utarudi unaujua mlima kuliko waliopita mbio. Huu ni ujanja ambao haumdhulumu mtu.

4. Panga saa ya kushindwa kabla ya kuondoka. Mwambie mwongozaji usiku wa kuamkia safari: saa sita mchana, popote tulipo, tunageuza. Anayepanga akiwa chini hupanga kwa akili. Anayepanga akiwa juu hupanga kwa kiburi. Na Hanang una hila zake. Ukitoka msituni ukaingia kwenye nyasi na upepo, unaona kilele. Unakifikia. Kumbe ni bega tu, na nyuma yake kuna bega jingine. Kichwa kikianza kugonga na tumbo kuchafuka, saa sita imeshafika hata kama jua linasema saa nne. Shuka.

Ukiona uchungu, mkumbuke Hans Meyer, yule Mjerumani wa Kilimanjaro. Mwaka 1887 barafu ilimrudisha. Mwaka 1888 mlima hakuufikia kabisa, kwani watu wa Abushiri, waliokuwa wakiwapiga Wajerumani huko pwani, walimkamata. Alifika kileleni 1889. Laiti asingekubali kurudi ile mara ya kwanza, asingekuwepo wa kufika ya tatu.

5. Picha. Ipigwe ukiwa umeupa mgongo uwanda, Katesh ikionekana chini, ndogo. Mpiga picha asimame juu yako. Kwa namna hiyo mlima uliobaki uko nyuma ya simu, na hakuna atakayeuulizia.

6. Malizia kwenye maji ya moto. Bonde la Ufa limejaa nyufa. Maji ya mvua huzama, hukutana na miamba yenye joto, kisha hupanda tena. Katika Hifadhi ya Ziwa Manyara yapo ya kuangalia tu: yanafikia nyuzi kama 60, usitie mguu. Ukitaka kuoga, sogea mpaka Chemka, karibu na Boma Ng'ombe. Maji ni ya uvuguvugu, maangavu, mizizi ya miti imeyazunguka, na visamaki vitakuguguna nyayo. Nenda siku za kazi, Jumapili hapatoshi. Yanasemekana kupita chini ya ardhi kutoka miteremko ya Kilimanjaro, kwa hiyo mlima ulioukwepa katika hatua ya kwanza utakuwa umekushukia wenyewe hadi kifuani.

7. Kusimulia. Nyumbani sema, "Nilipanda Hanang." Ni kweli tupu. Haraka ongeza habari za miti, ng'ombe na magadi. Unazo nyingi, ulizilipia kwa pumzi. Wengi wataishia hapo. Akitokea mmoja wa kukukazia macho na kuuliza kama ulifika kileleni, mjibu hapana, bila kumung'unya maneno, umwambie uligeuzia wapi na saa ngapi. Halafu mpe namba ya mwongozaji, na mpatane Julai ijayo mwende wote, yeye akiwa mbele.