Msafiri wa Bei Chee

Kijana wa Kizungu ameshuka stesheni ya Mpanda, begi mgongoni refu kumpita kichwa, vumbi hadi kwenye kope. Ametoka Tabora kupitia Kaliua, behewa la daraja la tatu, na kila anayemsalimia anaambiwa kwamba anasafiri kwa bei chee. Hongera zake.

Nyuma yake akashuka mama mmoja: kuku wawili wamefungwa miguu, ndoo, madumu matupu ya asali, na begi lake la mgongoni linalia linataka kunyonya. Akamtazama mgeni juu hadi chini. "Mwanangu, pole. Wamekufukuza kwenu?"

Kesho yake kijana atakwenda Sitalike, asimame darajani awapige picha viboko wa Mto Katuma waliosongamana topeni kama abiria wa Hiace. Bure kabisa. Halafu atapanda basi la Sumbawanga, ambalo barabara yake inapita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kilomita za mraba 4,471. Tembo akitokea, yeye atapiga kelele. Jirani yake ataendelea kubangua karanga. Wenye fedha, kwa upande wao, huja kwa ndege ndogo, wakalala mahemani kwa mamia ya dola kwa usiku mmoja ili wapate, wanasema, maisha halisi ya porini.

Yule mama hajawahi kujua kwamba alikuwa kwenye safari ya kijasiri. Alikuwa anarudi nyumbani. Ukimkuta stendi, mpokee ndoo.