Cherehani ya Mama Mkwe Yashuka Ghorofani

Tulikuwa tunahama nyumba Tanga, kutoka ghorofa ya kwanza, na tangu mwenye nyumba aweke geti la chuma kwenye kona ya ngazi, cherehani ya miguu ya mama mkwe haikuwa na pa kupita. Ni chuma cha zamani, kilo 40 pamoja na meza yake, na ndiyo iliyomsomesha mume wangu na ndugu zake.

Shemeji akafunga roda ukingoni mwa roshani, usawa wa sakafu. Upande mmoja wa kamba cherehani ikaning'inia nje, mita 3 kutoka chini. Upande wa pili, ndani ya ukumbi, mita 4 kutoka ukingoni, kamba ikafungwa kwenye sanduku la mvule lililojaa vyombo, kilo 80. Mkokoteni ulikuwa haujafika.

Sanduku alililaza kwa ubavu wake mpana ili lishike sakafu. Nafundisha fizikia, na nakutana na imani hiyo kila mwaka. Lakini msuguano hauongezeki kwa upana wa kinachogusana. Mfaransa Guillaume Amontons alilieleza hilo mwaka 1699. Unafuata uzito unaokandamiza, na hali ya nyuso zinazokutana. Kwa mbao juu ya saruji kavu tuchukue 0.6: sanduku liliweza kuhimili mvuto wa kilo 48, na cherehani ilivuta 40. Likatulia. Shemeji akaenda kunywa chai.

Wifi akaanza kupiga deki, maana funguo zilikuwa zinatakiwa kesho yake.

Maji ya sabuni yakapenya chini ya sanduku. Ile 0.6 ikashuka hadi kama 0.5, yaani kilo 40 kamili, sawasawa na cherehani. Hapo upepo ukaibembeza cherehani, na kitu kinachobembea hukaza kamba kupita uzito wake kila kinapopita chini kabisa. Sanduku likasogea. Na likishasogea halisimami, kwa sababu msuguano wa kitu kinachokwenda ni mdogo kuliko wa kitu kilichotulia: tuseme 0.4, kilo 32 tu.

"Cherehani yangu!" Mama mkwe alikuwa chini, akamvuta mjukuu pembeni. Wifi aliliruka sanduku na dekio mkononi. Chuma kikatua mchangani, mguu mmoja ukapata ufa, mkanda ukachomoka. Basi! Fundi wa kuchomelea aliumaliza ule ufa jioni ileile.

Usiku mtoto wa shemeji, yuko kidato cha tano, akaniuliza, "Mama mkubwa, kamba si ilikuwa inabeba nyutoni 400?"

Ilibeba hizo ilipokuwa imetulia, mwanangu. Nikamwambia achore kila kitu peke yake, kana kwamba kingine hakipo. Cherehani: nyutoni 400 kwenda chini, kamba kwenda juu. Sanduku: kamba mbele, msuguano wa 320 nyuma. Kamba haivutiki, kwa hiyo vyote viwili vina mchapuko mmoja. Zilizobaki, 80, zinasukuma kilo 120: mchapuko wa 0.67. Mvutano wa kamba, basi, ni 373, na zile 27 zilizopungua ndizo zilizoishusha cherehani. Napenda sana hatua hii, maana hapo mwanafunzi anaacha kukariri kanuni na kuanza kuviona vitu.

Mita 3 zikachukua sekunde 3, na cherehani ikatua kwa mita 2 kwa sekunde. Ingekatika kamba, ingefika na karibu 8, na hakuna fundi angeishika. Sanduku nalo, kamba ilipolegea, likaserereka nusu mita zaidi na kusimama nusu mita kabla ya ukingo, palepale tulipolikuta.

Mama mkwe alikuwa anasikiliza. "Ingebaki juu vipi?"

"Ule mfuko wa mchele wa kilo 25, mama. Ungekuwa juu ya sanduku, hata kwa sabuni lingehimili kilo 52."

Asubuhi ikawa zamu ya kabati. Akaubandika mchele juu ya sanduku kwa mikono yake, akateremka na dekio na ndoo, akaigeuza ndoo na kuikalia mpaka kabati lilipotua.