Otieno wa Mbuta

Nilipoanza kulea watoto wa watu hapa nyumbani Kombewa, jirani alinikuta natandika mikeka akasema, "Dani," yaani nyanya kwa Kijaluo, "hiyo nayo ni kazi? Si unawaangalia tu?" Nikamwamini. Nilikuwa nimelea wangu watano, wote wako hai, na wawili bado hunipigia simu. Wanane wa wenzangu wangenishinda nini?

Siku ya kwanza niliita, "Otieno, njoo unywe uji!" Wakaja watatu, na fundi aliyekuwa juu ya paa la jirani akaitika pia.

Sisi Wajaluo humpa mtoto jina kwa saa aliyozaliwa. Otieno ni wa usiku, Ochieng ni wa jua kali, Okoth alikuja na mvua. Kwa ukoo ni mpango mzuri. Kwa biashara yangu ni balaa, maana inaelekea wanawake wa Seme nzima hujifungua usiku. Ikabidi niwaongezee majina ya kazi: Otieno wa Boda, babake ana pikipiki, Otieno wa Hospitali, mamake hufanya usafi hospitalini, na Otieno wa Omena, mamake huuza omena sokoni.

Jioni hiyo hiyo mama wa tatu alikuja amekunja uso. "Dani, mwenzake aitwe Hospitali, wangu aitwe Omena? Kitu cha kupimwa kwa gorogoro?" Tukaanza kupatana bei kama tuko sokoni. Nilimpa jina la ngege, akakataa. Mwishowe tulikubaliana mbuta, samaki anayepanda ndege hadi Ulaya. Akaondoka amembeba Otieno wa Mbuta kama amemtoa chuo kikuu.

Siwalaumu akina mama hawa. Sheria inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3. Muuza omena hujipa mwenyewe, na huisha siku unga unapoisha. Chekechea ya kaunti nayo humngoja mtoto afike miaka 4. Hapo katikati ndipo nilipo mimi na mikeka yangu.

Siku yenyewe huenda hivi. Saa tatu uji, nusu tumboni, nusu kwenye nywele. Saa nne kuna aliyevua nepi akamvalisha kuku. Saa saba wote hulala, isipokuwa yule ambaye kazi yake ni kuamsha wengine. Hapa karibu tuna mwamba wa Kit Mikayi, na wazee husimulia kwamba mzee Ngeso aliupenda hata akawa anaingia pangoni kila asubuhi na kushinda humo, mkewe wa kwanza akimpelekea chakula. Utotoni nilishangaa mtu anapendaje jiwe. Sasa najua. Jiwe halikojoi mkekani wala haliulizi "kwa nini" mara arobaini.

Lakini watoto si kitu. Wazazi ndio kazi. Ada yangu ni shilingi 50 kwa siku. Zamani walisema hawana chenji. M-Pesa ilipokuja mwaka 2007, kisingizio hicho kilikufa, kikaacha mrithi: "Dani, mtandao unasumbua."

Basi alasiri moja jirani alikuja tukakaa tunachambua mboga, nami nikaumwaga moyo. Kuna mama hapa, nikasema, wiki tatu hajanilipa hata ndururu, lakini ana nywele mpya zinafika kiunoni! Shilingi 50 zangu zinamshinda, za msusi hazimshindi?

Nyuma yangu Otieno wa Mbuta alikuwa ameishika simu yangu, kidole chenye uji kimeganda kwenye alama ya kurekodi sauti. Mtoto huyo hajawahi kutulia dakika mbili tangu azaliwe. Siku hiyo alitulia. Alipoachia, maneno yangu yote yakaenda kwenye kikundi cha WhatsApp cha wazazi.

Nilipogundua, nilikimbilia kufuta. Wapi! Wote walikuwa wameshasikiliza. Nikakaa chini, nikaanza kukunja mikeka kichwani mwangu.

Kisha simu ikalia. M-Pesa. Ikalia tena. Kumbe sikuwa nimetaja jina, na wiki ile kulikuwa na harusi, kila kichwa kilikuwa kimesukwa upya. Kila mama alijiona ndiye anayesemwa. Hadi saa moja usiku wanne walikuwa wamelipa. Hata baba wa Otieno wa Boda alilipa, na yeye ana upara.

Na yule niliyemsema? Aliandika kikundini, mbele ya wote: "Pole sana Dani. Watu wengine hawana haya." Alikuwa mama wa Otieno wa Mbuta.

Sikumjibu. Kesho yake asubuhi nilisimama mlangoni, nikampokea mtoto kwa sauti iliyofika barabarani: "Karibu, Otieno wa Omena!" Kabla ya saa nne deni lote lilikuwa limeingia, na mtandao haukusumbua hata kidogo.

Kwa hiyo wewe unayesema kulea ni kuangalia tu, lete macho yako kesho saa moja asubuhi. Uji upo. Na kama mwanao anaitwa Otieno, tafadhali, aje na jina la pili.