Funguo Bwawani

Bwawa letu la uani hapa Kigamboni lina kina cha futi nne, na chini limetandikwa turubai jeusi, kwa kuwa mchanga wa huku haushiki maji hata ya kunawia. Ndani mna sato, pamoja na kambare wachache waliotiwa kwa kazi moja tu ya kula vifaranga vya sato. Sato akiachwa azae apendavyo, bwawa hujaa visamaki visivyotosha kitoweo. Hayo yote Baba Zuhura anayajua vizuri. Asichokuwa anakijua ni kwamba mfuko wa shati si mahali pa kuweka funguo kwa mtu aliyeinama kulisha samaki.

Zilizama Ijumaa jioni, mbele ya familia nzima. Ulikuwapo ufunguo wa gari, wa geti, wa stoo, na mwingine ambao hakuna anayejua unafungua nini, zote zimefungwa pamoja kwa kamba ya kiatu. Kamba hiyo ikumbukeni.

"Mama Zuhura, nipe fagio la buibui."

Nikampa. Akafunga henga ya nguo kwenye ncha ya mpini, akaipinda ikawa ndoano, akaanza kupapasa chini. Kila alipovuta, tope liliinuka: kinyesi cha samaki, majani ya mwembe, mabaki ya pumba. Maji yakawa chai ya maziwa. Henga ikaibuka na kandambili ya mtoto, upande ule ule tulioutafuta tangu Ramadhani. Baba Zuhura akaiona hiyo kuwa dalili njema, akaendelea kuvuruga hadi adhana ya isha.

Samaki ndio waliolipa. Tope likitibuliwa hunyang'anya maji oksijeni, na usiku mimea ya majini nayo huitumia badala ya kuitoa. Alfajiri tukawakuta sato wote wamepanda juu, midomo nje, wakitweta. Kambare walikuwa raha mustarehe, maana wao wana kiungo cha ziada karibu na mashavu kinachowawezesha kuvuta hewa ya juu, ndiyo sababu hukaa hata kwenye vidimbwi vinavyokauka. Tuliwasha pampu ya kurusha maji, sato wakapata nafuu.

Jumamosi akaja mdogo wangu wa kiume kutoka Mbagala, begani amebeba kulabu ya kisimani: vyuma vinne vilivyopindwa kuelekea nje, vimefungwa kwenye kamba ya katani.

"Shemeji, hii haijawahi kushindwa."

Ni kweli, kwetu imetoa ndoo nyingi. Ila ndoo ina mkono wa kunaswa, na kisima cha kwetu kina ukuta wa mawe. Ufunguo hauna mkono, na ukuta wa bwawa letu ni plastiki. Kulabu ilinasa kitu kizito, mashemeji wawili wakashikana kamba na kuvuta kwa shangwe, na walichokuwa wanakivuta kilikuwa turubai lenyewe. Kufika alasiri maji yalikuwa yameshuka shubiri nzima, kisha yakakoma. Angalau hapo tukajua tundu liko wapi, kwa sababu maji hushuka mpaka usawa wa tundu na hapo husimama. Hakuna haja ya kulisaka.

Mdogo wangu, kwa aibu, akasema ataingia mwenyewe kuzipapasa kwa miguu. Kabla hajachovya kidole nilikwenda kuchomoa waya wa pampu ukutani, na kwa hilo sikuomba ruhusa ya mtu. Kilichomtoa majini hakikuwa umeme basi. Alikanyaga kambare. Samaki huyo ana mwiba mgumu kwenye kila pezi la ubavuni, naye husimamisha miiba hiyo akitishwa. Shemeji mtu alitoka kwa mguu mmoja, akahudumiwa kwa maji ya moto hadi magharibi.

Jirani fundi redio akaleta sumaku ya spika kuukuu, akaifunga uzi wa kushonea mikeka, akaitumbukiza. Ikaleta vifuniko vya soda, misumari ya fundi aliyejenga bwawa, kijiko kimoja na wembe. Funguo hazikuja. Zetu ni za shaba, na sumaku haina habari na shaba. Ingeweza kushika kipete cha chuma, lakini kipete Baba Zuhura alikivua mwenyewe kwa madai kwamba kinatoboa mfuko, akaweka kamba ya kiatu. Wembe nao ukazua kesi: mpaka leo mdogo wangu anashikilia kwamba ndio uliochana turubai.

Muda wote huo mama mkwe alikuwa amekaa barazani, ametulia. Yeye ni mtu wa Pangani, amekua akitanda uduvi kwa kanga na kuchokoa pweza miambani kwa mkonjo. Jioni hiyo ndipo aliposema.

"Mtu asiguse maji hayo mpaka kesho. Tope lina kwao, liacheni lirudi."

Asubuhi akaniomba bakuli la kioo, lile la zawadi ya harusi ambalo hata wageni hawalitumii. Akajifunika kanga kichwani kuzuia mng'ao wa jua, akaliweka bakuli juu ya maji na kulikandamiza kidogo. Chini ya bakuli hapakuwa na wimbi wala mng'ao. Ukitazama ndani unaiona sakafu ya bwawa mpaka punje za pumba.

"Zile pale, pembeni mwa kokwa la embe."

Baba Zuhura alikuwa ameshafunga chujio la nazi kwenye mpini wa fagio. Akalishusha, likapita juu ya funguo.

"Lenga chini yake, mwanangu. Maji yanadanganya."

Mwanga hupinda unapotoka majini, kwa hiyo kitu kilicho futi nne chini huonekana kama kipo futi tatu tu. Mchokoa pweza hilo halihitaji kusomea. Baba Zuhura akashusha mkono zaidi, akatelezesha chujio polepole asitibue tope, na funguo zikapanda, kamba yake imeota ukijani.

Tundu tulilibandika kiraka cha mpira wa tyubu, na maji ya kujazia tuliyaacha kwanza siku mbili kwenye mapipa, kwani dawa ya maji ya bomba huua samaki. Gari liliwaka, maana chipu iliyomo ndani ya ufunguo haitumii betri. Vitufe vya kufungulia milango kwa mbali vimekufa. Funguo zimerudishiwa kipete cha chuma, na mama mkwe amezifunga boya la wavu kwa mkono wake. Ukizitupa bwawani zinaelea, Zuhura ameshajaribu.