Sifa Zake Harufu ya Petroli

Kiswahili kilishalimaliza jambo hili zamani: harufu haionekani wala haishikiki, harufu husikika. "Unasikia harufu?" Ndivyo mama watoto anavyoniuliza kila tukiikaribia Segera, nami hujibu "Sisikii," kwa sauti ya mtu anayesikia vizuri sana. Leo natubu. Nasimama mbele yenu kumsifu msemaji niliyemkana miaka yote.

Gari lenyewe ni Kombi ya Volkswagen ya 1974, ile yenye kitanda nyuma, jiko la gesi na mapazia ya maua. Honi yake ilishakata kauli. Geji ya mafuta husema nusu tangi likijaa na nusu tangi likikauka. Taa ya oili huwaka inapojisikia. Katika watumishi wote wa gari hili, aliyebaki kazini bila kudai mshahara wala likizo ni mmoja tu, harufu ya petroli. Nikifungua mlango alfajiri, naikuta imeshaamka na inanisubiri.

Mheshimiwa hasifiwi bila nasaba yake kutajwa. Mwaka 1947 Mholanzi Ben Pon alichora kwenye karatasi sanduku lenye magurudumu, dereva mbele kabisa, injini nyuma kabisa. Kiwanda cha Volkswagen kikaanza kuliunda mwaka 1950, na mwaka uliofuata kampuni ya Westfalia ikalitia vyombo vya kulalia na kupikia. Hivyo ndivyo kitanda, jiko, abiria na petroli walivyojikuta chini ya paa moja, kama ukoo mzima sikukuu ya Idi. Katika Kombi yangu tangi limejibanza mbele ya injini, nyuma ya bati, na kitanda kimepita juu ya injini. Ukilala, unalala na jamaa wote.

Sasa fadhila zake. Harufu hii imenilindia mali kuliko mbwa. Hakuna jirani aliyewahi kuliazima gari hili mara ya pili. Mama mkwe alipanda siku moja, akashuka na kitambaa puani, na tangu hapo huja kwa basi, kwa hiari yake, bila mtu kumkosea adabu. Wavuta sigara huzima wenyewe wakiwa hatua kumi mbali. Hata jiko tumepumzika nalo: harufu ikiwapo hakuna anayethubutu kuwasha kiberiti, basi tunanunua madafu njiani, na afya zetu zimeimarika.

Lakini fadhila yake kubwa ni elimu. Nilipolipeleka gari kwa fundi, mzee aliyezeekea kwenye magari haya, nilimwambia, "Fundi, linanuka." Akaitupa sigara yake mbali, akafungua waya wa betri kwanza, kisha akaniangalia kama mwalimu anavyomwangalia mtoto aliyekuja bila daftari.

"Mzee, kunuka najua. Niambie linanuka lini."

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeisikia harufu miaka mingi bila kuisikiliza. Akanipa somo. Ikija injini inapounguruma, tazama pampu na mipira inayopeleka mafuta. Ikija dakika chache baada ya kuzima, shuku kabureta, maana joto la injini hupanda na kuichemshia petroli iliyobaki ndani. Ikija tangi likiwa limejaa tu, kisha ikapotea mafuta yakishuka, ugonjwa uko juu ya tangi: mpira wa mdomo wa kujazia, vimpira vya kupumulia, au gasketi ya geji.

Nikakumbuka safari ya Lushoto. Tulijaza tangi Mombo mpaka likatapika, tukaanza kupanda. Kila kona ya kushoto harufu ilikuja kama salamu, kwa sababu petroli ilikimbilia kulia, ulipo mdomo wa tangi. Kwenye kona za kulia ilinyamaza. Huko juu baridi ikatubana, nikavuta mkono wa hita, na harufu ikaja kwa wingi, tena ya moto. Fundi akacheka. Injini ya Kombi haipozwi kwa maji bali kwa upepo. Feni huisukuma hewa ya chumba cha injini, ikapita kwenye ekzosi kupata joto, ndipo ikaletwa miguuni kwa abiria. Kinachovuja nyuma, hita hukileta mbele. Nilikuwa nimejiletea mgonjwa kitandani.

Ili kuufikia upande wa juu wa tangi hilo, injini lazima ishuke. Tuliishusha. Fundi akapaka poda ya mtoto kwenye viungo vyote, tukasubiri tukiwa tumekaa kwenye kivuli cha mwembe. Tuliporudi, poda ilikuwa nyeupe kila mahali isipokuwa chini ya mpira mmoja wa kupumulia, usiozidi unene wa kidole, ambako kulikuwa na mstari mdogo wa rangi ya chai. Kwa nje mpira ule ulikuwa mzima, umevaa uzi wake wa pamba vizuri. Fundi akaukunja kati ya vidole viwili, na magaga yakafunguka, kama kisigino wakati wa kiangazi.

Hapo mzaha wangu ulipungua. Mvuke wa petroli huanza kuweza kushika moto ukifikia takriban asilimia 1.4 ya hewa. Pua huusikia ungali sehemu chache tu katika milioni. Yaani harufu hupiga hodi maili nyingi kabla ya moto. Nao mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hauruki ukaenda zake, hutambaa na kujilaza chini, uvunguni mwa kitanda. Na kasha za injini nyingi za aina hii zimeundwa kwa aloi ya magnesi, ambayo ikishika moto sawasawa, ndoo ya maji huichochea.

Tarehe 18 Machi 1937, huko New London, Texas, gesi isiyo na harufu ilivuja chini ya shule, ikakusanyika bila mtu kujua, ikalipuka. Karibu watu 300 walikufa, wengi wao watoto. Baada ya hapo sheria zikataka gesi itiwe harufu mbaya kwa makusudi, na ndiyo maana mtungi wa jiko langu hunuka ukivuja. Gesi ilibidi inunuliwe ulimi. Petroli ilizaliwa nao, na mimi nilikuwa naning'iniza manukato ya limau kwenye kioo ili kuuziba.

Mipira yote ilibadilishwa, injini ikapanda. Nikaendesha wiki mbili, kifua mbele, bila kusikia kitu. Wiki ya tatu mama watoto akauliza swali lake la siku zote, nami nikajibu "Sisikii." Safari hii nilikuwa nasema kweli, na fundi aliposikia hivyo hakufurahi hata kidogo. "Pua ikikaa na harufu huizoea, mzee. Miaka yote hiyo, yako imechoka. Tafuta pua nyingine." Tuligundua kibano kimoja hakikukazwa.

Siku hizi nimeajiri. Binti yangu ana miaka saba na pua mpya. Kila asubuhi ndiye anayefungua mlango wa Kombi, anaingiza kichwa, anafumba macho, anasikiliza. Mimi nasubiri nje na ufunguo mkononi.

"Shikamoo, baba. Leo kimya."

"Marahaba, mwanangu. Rudia tena, hapo uvunguni."